Damu ya Mmoja, Habari ya Wengi



Nimeombwa na Tume yetu ya Haki na Amani niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la wataalamu peke yao, yaani ukusanyaji na usomaji wa vinasaba vya binadamu. Najua baadhi yenu mtauliza: haki na amani zina uhusiano gani na maabara? Katika semina hizi tumezoea kuzungumzia ardhi, mishahara, uchaguzi na rushwa. Jibu langu ni fupi. Popote pale ambapo mtu anachukua kitu kutoka kwa mwenzake, na mchukuaji anaijua thamani ya kitu hicho ilhali mtoaji haijui, hapo swali la haki limekwisha kuingia, hata kama hakuna aliyepiga kelele.

Fikirini kijiji chochote cha kwetu. Gari linafika likiwa na masanduku ya barafu. Vijana wenye makoti meupe wanasalimu kwa adabu, wanaeleza kwamba wamekuja kutafuta chanzo cha ugonjwa fulani, wanachukua damu au mate, wanatoa sabuni na kilo ya sukari, mtu anatia dole gumba kwenye karatasi, na gari linaondoka. Huenda kazi yao ni njema kabisa. Lakini ndani ya kile kichupa kidogo wameondoka na nini? Na ni cha nani?

Kitabu kilichomo mwilini

Vinasaba, ambavyo wengi mnavijua kwa jina la DNA, ni uzi mwembamba mno uliomo karibu katika kila chembe hai ya mwili. Juu ya uzi huo zimepangwa alama za aina nne, nazo hufanya kazi kama herufi za alfabeti. Jumla ya maandishi hayo huitwa jenomu. Jenomu ya mtu, tukihesabu upande mmoja tu wa wazazi wake, ina herufi kama bilioni 3. Nusu ya kitabu tumepewa na baba, nusu nyingine na mama, nao walipewa na wazazi wao vivyo hivyo.

Kukisoma kitabu hicho si kama kufungua ukurasa wa kwanza na kuendelea hadi wa mwisho. Mashine nyingi husoma vipande vifupi tu. Kwa hiyo uzi hukatwa vipandevipande, kila kipande husomwa peke yake, kisha kompyuta hulinganisha miisho ya vipande na kuvipanga upya, kama mtu anayeunganisha barua iliyochanwa. Muswada wa kwanza wa jenomu ya binadamu ulitolewa mwaka 2001, na mwaka 2003 ikatangazwa kwamba mradi umekamilika. Hata hivyo, sehemu kama asilimia 8 ilibaki haijasomeka, kwa sababu ilijaa maneno yanayojirudiarudia, na ilisomwa kwa ukamilifu mwaka 2022. Mradi ule wa kwanza uligharimu dola za Marekani zinazokaribia bilioni 3. Leo jenomu ya mtu mmoja husomwa kwa gharama isiyofika dola 1,000. Kusoma kumekuwa rahisi, basi kinachotafutwa sasa ni watu wa kusomwa.

Vipande vinavyohama

Ili tuelewe kwa nini jambo hili linagusa jamii nzima, hapana budi tupite kidogo katika shamba la mahindi. Wakulima mnafahamu kwamba mara nyingine hindi hutoa punje zenye madoadoa. Mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, aliyezaliwa mwaka 1902, alitumia miaka mingi kuzichunguza punje za namna hiyo huko Cold Spring Harbor, katika jimbo la New York. Katika miaka ya 1940 aligundua kwamba madoa yale yalitokana na kipande cha vinasaba ambacho hakikai mahali pamoja. Kikiingia katikati ya maandishi yanayoleta rangi, rangi huzimika. Kikitoka katika baadhi ya chembe wakati punje inakua, rangi hurudi mahali hapo, na doa huonekana.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba kila jeni ina nafasi yake isiyobadilika, mithili ya ushanga katika uzi. Maneno ya mama huyo yalipokelewa kwa mashaka na kwa ukimya. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya kuchapisha matokeo yake.

Ilipokuja kusomwa jenomu ya binadamu, ilionekana kwamba karibu nusu yake ni mabaki ya vipande vya aina hiyo ya uhamaji. Kipo kipande kifupi kiitwacho Alu, chenye herufi kama 300, na nakala zake ndani ya kila mmoja wetu ni zaidi ya milioni 1. Kipo kingine kirefu zaidi, kiitwacho L1, ambacho kikiwa kizima kina herufi kama 6,000. Nakala zake ni kama nusu milioni, lakini karibu zote zimechakaa na hazihami tena, na ni kama 80 hadi 100 tu zilizobaki na uwezo huo. Tofauti na kile cha mahindi, hivi vya binadamu having'oki. Hujinakili, na nakala ndiyo inayokwenda kukaa mahali papya. Mara chache hudhuru. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wawili wa hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, waliupata kwa sababu kipande cha L1 kilikuwa kimejipenyeza ndani ya jeni inayohusika na kuganda kwa damu.

Sasa tufikie kiini. Wale kati yetu waliosoma historia ya vitabu vya kale wanajua jinsi vilivyonakiliwa kwa mkono. Ikiwa mnakili mmoja aliandika sentensi ileile mara mbili kwa bahati mbaya, basi wote walionakili kutoka kwake waliirudia, na wanafunzi wao nao wakairudia. Mtaalamu akikuta kosa lilelile mahali palepale katika vitabu viwili vilivyo mbali, anajua kwamba vyote viwili vina asili moja. Vipande vinavyohama hufanya kazi hiyohiyo. Kikiisha kuingia mahali fulani katika jenomu ya bibi mmoja wa kale, hubaki hapo, na hurithiwa na uzao wake. Ni vigumu mno kipande kingine kuingia kwa bahati mahali palepale kwa mtu asiye wa ukoo huo. Kwa hiyo anayesoma alama hizo katika damu ya mtu mmoja anasoma pia njia walizopita babu zake, na undugu wake na watu ambao yeye mwenyewe hajawahi kuwaona.

Ndugu zangu, hili ndilo neno langu la leo, na mengine yote yanalitegemea: damu ya mmoja ni habari ya wengi. Mimi nikitoa mate yangu katika kichupa, nimetoa pia habari za wadogo zangu, za shangazi zangu, za watoto ambao hawajazaliwa, na kwa kiasi fulani za kabila langu zima. Wao hawakuulizwa.

Macho yote yanaitazama Afrika

Binadamu wameishi katika bara letu muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kwa sababu hiyo tofauti za maandishi ya vinasaba kati ya Waafrika ni nyingi kupita zile za mabara mengine. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya kusoma jenomu za watu 15 tu: 5 kutoka kwa Wahadza na 5 kutoka kwa Wasandawe wa hapa Tanzania, na 5 kutoka kwa mbilikimo wa Kamerun. Katika watu hao 15 zilipatikana tofauti zaidi ya milioni 13, na nyingi zilikuwa hazijapata kuandikwa popote. Mwaka 2023 zilichapishwa habari za vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika pwani ya Kenya na Tanzania na maeneo ya jirani, wengi wao wa miji ya Waswahili kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Zilionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume waliotoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Mifupa ya watu 80 imesema juu ya asili ya mamilioni ya watu walio hai, na maneno yake yameingia katika mabishano ya siku nyingi kuhusu nani ni Mswahili.

Lakini tazameni upande wa pili. Katika mahesabu yaliyotolewa mwaka 2019, kati ya watu wote walioingizwa katika tafiti za kulinganisha jenomu na magonjwa, asilimia 78 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu. Maana yake ni kwamba dawa na vipimo vinatengenezwa kwa kufuata miili ya wengine. Kwa hiyo haki inatudai mambo mawili ambayo yaonekana kupingana: tusiachwe nje ya elimu hii, na wala tusiingizwe ndani yake kama machimbo ya madini yasiyo na mwenyewe.

Mambo yaliyotokea

Nitawapa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa bara letu.

Wahavasupai ni kabila dogo la wenyeji asilia wa Marekani, wanaoishi ndani ya bonde kuu la Grand Canyon, jimbo la Arizona. Kisukari kiliwaandama sana. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu ya watu zaidi ya 200 wa kabila hilo, nao walitoa kwa moyo wakitumaini kwamba ugonjwa huo ungepatiwa ufumbuzi. Karatasi waliyotia sahihi ilikuwa na maneno mapana yanayoweza kubeba magonjwa mengine, na kwa wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya pili. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo alihudhuria utetezi wa tasnifu ya udaktari chuoni hapo, akasikia kwamba damu ya watu wake imetumika katika kazi isiyohusu kisukari. Ikajulikana kwamba ilikuwa imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili, kuoana kwa ndugu wa karibu, na njia ambayo mababu wa kabila walipita kutoka Asia. Jambo hili la mwisho liliwaumiza sana, kwa kuwa wao wanasimulia kwamba asili yao ni bondeni hapohapo, na masimulizi hayo ni sehemu ya hoja yao ya kumiliki nchi yao. Mtafiti mkuu alijitetea kwamba ruhusa ilikuwapo. Kabila likafungua kesi, na Aprili 2010 ikamalizwa kwa mapatano: watu 41 walilipwa dola 700,000, na damu iliyobaki ikarudishwa kwa wenyewe. Wazee walikwenda kuipokea wakilia.

Angalieni, ndugu wanasemina, kwamba hapakuwa na mtu aliyepigwa wala kunyang'anywa. Kulikuwa na karatasi na sahihi. Kilichokosekana ni kuelewana.

Mfano wa pili ni wa Wasani wa kusini mwa Afrika. Februari 2010 ilichapishwa kazi mashuhuri ya kusoma vinasaba vya wanaume 4 wa Kisani kutoka Namibia, pamoja na Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini. Kwa upande wa Tutu jambo lilikwenda vizuri. Alikuwa mtu mwenye elimu, alielewa anachokubali, na alifurahi kusikia kwamba ukoo wa mama yake unarudi kwa Wasani. Lakini viongozi wa Wasani walinung'unika. Walisema kwamba watu wale 4 waliombwa ruhusa mmoja mmoja, na uongozi wa jamii haukuulizwa, ilhali matokeo yanasema juu ya Wasani wote. Walisema pia kwamba maandishi yaliyotolewa yalikuwa na mambo waliyoyaona ya faragha na ya kuvunja heshima. Watafiti walijibu kwamba kamati za maadili ziliwaruhusu na kwamba kila mtu alikubali mbele ya kamera.

Wasani hawakuishia katika manung'uniko. Walikaa, wakazungumza, wakasaidiwa na wanasheria, na Machi 2017 huko Cape Town jamii tatu za Wasani wa Afrika Kusini zilitangaza kanuni zao wenyewe za utafiti, za kwanza za aina yake kuandikwa na wenyeji wa bara hili. Msingi wake ni mambo matano ambayo mtu yeyote anaweza kuyakumbuka: heshima, ukweli, haki, kujali na utaratibu. Mtafiti anayetaka kuja kwao hana budi kupita kwanza kwa baraza lao, kueleza kwa lugha nyepesi, na kurudi na matokeo. Watu ambao kwa karne nyingi walidharauliwa na kila aliyepita katika nchi yao ndio waliotufundisha sisi tulioitwa wasomi.

Nani anakula matunda?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuulize basi kama mwenyeji anapona kweli.

Katika jiji la Dallas, Marekani, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen waligundua mwaka 2005 kwamba Wamarekani weusi wapatao 2 kati ya kila 100 waliowapima walikuwa na mabadiliko katika jeni iitwayo PCSK9, na mafuta mabaya katika damu yao yalikuwa ya chini sana. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba watu wa namna hiyo hawakupatwa na ugonjwa wa moyo ila kwa nadra. Kutokana na elimu hiyo zilitengenezwa dawa za sindano, na mbili za kwanza ziliidhinishwa mwaka 2015. Bei yake ilipoanza ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, ingawa baadaye ilipunguzwa.

Tuchukue pia ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Familia nyingi hapa ukumbini zinaujua kwa machozi. Watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani huzaliwa Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha vinasaba vya wagonjwa hao. Moja ilipangiwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ugonjwa uko kwetu, tiba iko ng'ambo, na katikati pana bei.

Simaanishi kwamba wanaotengeneza dawa wasilipwe. Kazi yao ni kubwa na yenye gharama. Nasema kwamba mafundisho ya kijamii tuliyorithishwa yanashika kanuni moja: mali ya dunia imekusudiwa watu wote, na haki ya kumiliki inabeba deni kwa jamii. Kama kanuni hiyo inahusu shamba na kisima, itawezaje kutohusu maandishi yaliyomo katika damu, ambayo hakuna kampuni iliyoyatunga? Mwaka 1997 UNESCO ilitamka kwamba jenomu ya binadamu katika hali yake ya asili haipaswi kuwa chanzo cha faida ya fedha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vinasaba vya asili haviwezi kuwekewa hataza, yaani hati ya kumfanya mtu awe mmiliki pekee wa uvumbuzi. Hatua hizo ni njema, ila hazijamjibu mama wa kijijini anayeuliza: na mimi nitapata nini?

Tusikimbilie kukataa

Baada ya kusikia haya, mtu anaweza kusema: basi, tukatae wote. Mimi siungi mkono njia hiyo. Kukataa kila kitu ni kuwaacha watoto wenye selimundu mikononi mwa ujinga. Aidha, Waafrika wenyewe wameanza kusoma. Mpango wa Waafrika wa kuchunguza urithi na afya, uitwao H3Africa, ulifadhiliwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2022, ukajenga maabara na ghala za sampuli barani, mojawapo ikiwa Makerere, Uganda. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha jenomu za watu 426 wa makundi 50 ya Afrika, wakapata tofauti mpya zaidi ya milioni 3. Hiyo ni dalili kwamba inawezekana kufanya kazi hii nyumbani, kwa macho yetu na kwa maswali yetu.

Sheria nazo zipo. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ambayo usimamizi wake uko chini ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ndugu zetu wa Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwa sheria hiyo habari za vinasaba ni miongoni mwa zile nyeti. Tena utafiti wa afya hauruhusiwi bila kibali cha kamati ya maadili. Hapa kwetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina jukumu kubwa katika jambo hilo. Lakini sheria isiyojulikana na wananchi ni kama taa iliyofunikwa chungu. Kazi ya Tume yetu ni kukiondoa hicho chungu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mgeni mwenye masanduku ya barafu akifika, mkaribisheni kwa heshima, mpeni kiti na maji, kisha mwulizeni mambo sita yafuatayo:

1. Umetumwa na nani, na kibali chako kimetolewa na nani? Tunaomba kukiona.

2. Unachukua nini, kwa ajili ya utafiti upi? Ukitaka kukitumia kwa jambo jingine baadaye, je, utarudi kutuuliza?

3. Kitatunzwa wapi, kwa miaka mingapi, na nani wataruhusiwa kukisoma? Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Mtu akibadili nia, je, sampuli yake itaharibiwa? Na ni mambo gani ambayo yakishachapishwa hayawezi tena kurudishwa?

5. Matokeo yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani?

6. Kikipatikana kitu cha faida, jamii hii itanufaikaje: kwa dawa, kwa zahanati, kwa mafunzo ya vijana wetu, au kwa njia gani?

Naongeza maonyo mawili. La kwanza: ridhaa ya jamii haifuti ridhaa ya mtu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa ukoo, wala padre hana mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote kutoa damu yake. Jamii huulizwa ili mlango ufunguliwe, na kila mtu huamua mwenyewe kama ataingia. La pili: zawadi ndogo si dhambi, ila zawadi inayotolewa kwa mwenye njaa kabla hajaelezwa kitu huwa imekaribia kuwa bei. Maelezo yatangulie, sukari ifuate.

Nimalizie kwa jambo la furaha. Wale wanaotafuta katika damu sababu za kubaguana watarudi mikono mitupu. Vile vipande vilivyohama na kujinakili tangu zamani za kale, kwa sehemu kubwa kabisa vimo mahali palepale katika damu ya Mhadza, ya Mhindi, ya Mzungu na ya Mchina. Vinatushuhudia kwamba sisi sote tumenakiliwa kutoka kitabu kimoja. Lakini undugu huo ukitajwa wakati wa kuchukua, na utajwe pia wakati wa kugawana.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

a) Je, katika kijiji au mtaa wetu watu wamewahi kutolewa damu au mate kwa ajili ya utafiti? Matokeo yalirudi?

b) Katika jamii yetu, ni nani anayepaswa kuulizwa kabla ya mgeni kuanza kazi ya namna hiyo? Wanawake na vijana wana nafasi gani katika kuamua?

c) Wasani walitaja mambo matano. Sisi tungetaja yapi, na tungeyaandika lini?